Neno Nililolibadilisha Barazani

Mwanangu Athumani,

Mama yako yuko uani anatwanga unga wa safari yako, na wewe umekwenda kuwaaga wajomba zako. Nimeona niandike sasa, kabla hujarudi, maana ukiketi mbele yangu sitaweza kuyasema haya. Kesho asubuhi mtashika njia ya Korogwe. Barua hii nitaitia katikati ya nguo zako. Usiisome njiani mbele ya wenzako. Isome ukiwa umefika, umepumzika, umekaa peke yako.

Juu ya maji ya kunywa, juu ya homa, juu ya swala na watu wa kukaa nao, mama yako ameshakuambia, tena mara tatu kwa jinsi ninavyomjua. Mimi sirudii. Nina jambo moja tu, na ni juu yangu.

Umekua ukisikia maneno mawili kuhusu baba yako. Wako wanaosema niliondolewa bomani kwa sababu nilificha karatasi za Mzungu. Wako wanaosema nilikuwa mlevi. Hukuniuliza hata siku moja. Ulinyamaza kwa heshima, nami nikajificha nyuma ya heshima yako. Sasa unakwenda kufanya kazi ile ile niliyoifanya mimi, ya kuketi kati ya mtu anayesema Kishambaa au Kizigua na Mzungu anayeelewa Kiswahili tu. Siwezi kukuacha uende na uongo wa watu, hata kama ukweli wenyewe ni mbaya kuliko huo uongo.

Wakati ule wewe ulikuwa bado chuoni kwa mwalimu, unajifunza juzuu yako ya kwanza. Boma nililofanyia kazi silitaji. Bibi yako, mama yangu, alikuwa mtu wa Bungu, kwa hiyo Kishambaa nilikinyonya kwake. Kizigua ni cha baba. Kiswahili nilikipata kwa kusoma na kwa kutembea na wafanyabiashara. Kwa lugha hizo tatu nilipata kiti barazani, na nilikipenda kile kiti. Watu walinisalimia kwa kuinama. Majumbe wenye mvi waliniita bwana karani. Nilianza kuamini kwamba najua nani anasema kweli na nani anasema uongo kwa kumtazama tu, kabla hajafumbua kinywa.

Siku moja akaja mwanamke mmoja, jina lake Mwantumu. Alizaliwa Bungu, akaolewa Kerenge, na alikuwa na watoto wawili. Kiswahili alikijua cha kununulia chumvi, basi. Alikuja na kaka yake, Shemboza, ambaye alijua Kiswahili vizuri, lakini askari wa mlangoni akamzuia Shemboza abaki nje. Mwantumu akaingia peke yake.

Alikuja kumshitaki mnyapara mkuu wa shamba moja la mkonge lililokuwa karibu na kwao. Mnyapara huyo aliitwa Sefu, na Sefu alikuwa rafiki yangu. Tulikuwa tukila sahani moja. Jana yake alikuwa amenipitia nyumbani, akaketi barazani, akaniambia, "Kuna mwanamke atakuja kunisingizia. Wewe unanijua mimi." Hakuniahidi kitu wala hakunitisha. Alisema maneno hayo tu, wewe unanijua, akanywa maji akaenda zake. Nami nilijiona namjua.

Mwantumu alisimama mbele ya meza. Haya ndiyo aliyoyasema kwa Kishambaa, nami nayakumbuka neno kwa neno: "Nilikwenda kisimani. Alitoka kwenye mkonge, akanishika kwa nguvu. Nilimwambia aniache. Mwili wangu ukafa ganzi. Nilitaka kupiga kelele, sauti haikutoka. Akanifanyia aliyonifanyia, akaondoka."

Nami nikamgeukia Mzungu nikasema kwa Kiswahili, "Anasema walikutana kisimani, mnyapara akalala naye. Yeye alinyamaza."

Umeona nilichofanya, mwanangu? Sikutunga habari mpya. Kisima nilikiacha mahali pake, na Sefu pia. Niliondoa nguvu, nikaondoa kule kukataa kwake, na ile sauti iliyogoma kutoka nikaifanya kuwa kunyamaza. Kazi yote hiyo niliifanya kwa pumzi moja.

Mzungu akauliza, "Alipiga kelele?"

Nikajibu bila hata kumwuliza mwenyewe, "Hakupiga, Bwana."

"Baada ya siku hiyo, alikwenda tena kisimani pale?"

Nikamwuliza. Akasema ndiyo, alikwenda kesho yake.

"Ilikuwa siku gani?"

Kwanza akasema Jumatano. Halafu akasema hapana, ilikuwa siku ya gulio. Gulio la kwao halikuwa Jumatano. Kisha, katikati ya maswali hayo, akacheka. Kicheko kifupi, cha puani, macho yake yakitazama mlangoni.

Mzungu akaweka kalamu chini. Akanitazama mimi, kama anayeniuliza mimi naonaje. Nikatikisa kichwa kidogo. Basi. Shauri likafutwa, ikasemwa ni mambo ya nyumbani, mume wake ayamalize mwenyewe. Nikamweleza Mwantumu hukumu hiyo kwa Kishambaa safi kabisa, bila kuacha neno hata moja. Hakulia. Aliuliza tu, "Umemwambia nilivyosema?" Nikamwambia, "Nimemwambia." Akatoka.

Jioni hiyo nilimsimulia mama yako kisa hicho wakati wa kula. Nilikisimulia kama mchezo: siku mbili tofauti, kurudi kisimani, kicheko. Nikasema wanawake wengine hawana haya. Mama yako aliondoa chakula chake, akaenda kukaa jikoni. Nilidhani amechoka.

Baadaye nilisikia kwamba mume wa Mwantumu amemwacha. Mama mkwe wake alisema hawezi kukaa na mwanamke aliyekiri mbele ya boma zima kwamba alilala na mtu akanyamaza. Unaona maneno yale yalikuwa ya nani. Watoto wakabaki Kerenge kwa bibi yao, mama yao akarudishwa Bungu. Mimi nikaendelea kula na Sefu.

Miezi mingi ikapita. Siku moja ikapotea barua ya kwenda kwa akida. Haikupotelea mikononi mwangu, lakini mimi ndiye niliyekuwa karibu, na Mzungu alikuwa amekasirika. Akaamuru nipigwe hamsa ishirini, yaani viboko ishirini na vitano. Nililazwa kifudifudi uwanjani, mimi bwana karani, mbele ya watu niliozoea kuwatafsiria.

Nilikuwa nimejiambia siku zote kwamba mtu akinigusa nitapigana, au walau nitasema neno la kiume. Athumani, sikufanya lolote. Waliponishika mikono, mwili wangu uliniacha. Niliona mchwa wanapita mbele ya pua yangu, nikawatazama mchwa. Hata sauti haikutoka. Watu wakasema, karani ana moyo, hakulia. Haukuwa moyo. Sikuwapo pale.

Asubuhi yake mama yako alikuwa ananipaka mafuta ya nyonyo mgongoni, jirani mmoja akaja kunipa pole. Akaniuliza ilikuwaje. Nikaanza kumweleza, nikachanganya. Nikasema barua ilipotea Jumatatu, kisha nikasema Ijumaa. Sikukumbuka nani alinishika mkono wa kulia, nami nilimjua yule askari miaka mingi. Na nilipofika pale pa kulazwa chini, nikacheka. Sijui kicheko kile kilitoka wapi. Jirani akacheka na mimi, akaaga.

Alipokwisha ondoka, mama yako akaacha kupaka. Akasema taratibu, "Kwa hiyo yule mwanamke wa Bungu hakuwa mwongo."

Nikamwuliza, "Mwanamke gani?" Nilijua mwanamke gani.

"Yule uliyemcheka. Umechanganya siku kama yeye. Umecheka kama yeye. Na Ijumaa utarudi bomani kwa watu wale wale, kwa sababu tunataka kula. Nani atasema wewe ulipenda kupigwa?"

Sitaki udhani kwamba mambo hayo mawili ni sawa. Mimi nilipigwa hadharani, na kila mtu alijua kwamba nimepigwa. Yeye alifanyiwa mahali asipoonekana, kisha akatakiwa athibitishe, kisha akalaumiwa. Mimi mgongo ulipona, na kule mtaani walinipa pole. Yeye nani alimpa pole? Lakini ilibidi mwili wangu mwenyewe ufundishwe kidogo ndipo kichwa changu kielewe kitu ambacho mama yako alikielewa siku ya kwanza, akiwa na sahani mkononi.

Nilichukua muda mrefu kujipa ujasiri. Mgongo ulikuwa umepona kabisa siku niliyoomba ruhusa, nikasema nakwenda kuwaona ndugu za mama yangu. Nikapandia Kwashemshi mpaka Bungu. Nyumba ya Shemboza sikupata taabu kuipata. Alikuwa akipalilia migomba. Aliponiona alikaza mkono kwenye jembe.

"Umekuja kutafuta nini, bwana karani?"

"Nimekuja kumwomba dada yako radhi."

"Radhi," akasema, kama neno la lugha asiyoijua. Lakini alikwenda kumwita.

Mwantumu alitoka, akakaa juu ya kigogo, mgongo wake akiuegemeza ukutani, mbali nami hatua kama kumi. Alikuwa amekonda. Nilisalimia, hakuitikia. Nikamwambia nililofanya, neno kwa neno: alisema hivi, mimi nikasema vile. Nikamwambia pia kwamba nilimwona mwongo kwa sababu alicheka.

Kisha akasema, "Askari wa mlangoni alikuwa amevaa kofia yake upande. Nilikuwa naona giza, nilikuwa karibu kuanguka. Nikaitazama ile kofia ili nisianguke. Ndiyo iliyonichekesha."

"Na kisimani? Kwa nini ulirudi?"

"Watoto walikuwa na kiu. Kisima kilikuwa kimoja."

Athumani, nilikuwa nimeketi katika kiti kile miaka minane, na haikunijia akilini kuuliza maji yanapatikana wapi.

Akaendelea kusema, si kwangu hasa, kama anayeitazama migomba. Alisema mkonge ukikatwa mbichi harufu yake inamtapisha, hata kamba mpya haigusi. Alisema gulioni mwanamume akisimama nyuma yake anaacha kapu lake na kukimbia, kwa hiyo ameacha kwenda gulioni. Kuna siku anapika na kukuta chungu kimeungua, naye amesimama pale pale asijue alikuwa wapi. Alisema lililomuuma kuliko yote ni lile la mtoto wake mdogo: siku chache baada ya jambo lile mtoto alimkumbatia kwa nyuma kwa furaha, naye akamsukuma, mtoto akaanguka, akalia. "Hakujua kwa nini. Nami sikuweza kumwambia. Halafu wakamchukua kabla sijamzoea tena."

Nilitaka kusema kitu cha kumtuliza. Nashukuru sikukipata.

Nikamwuliza, "Nikufanyie nini?"

Akasema, "Yaseme maneno yangu kwa Kiswahili. Sasa hivi. Kaka yangu anakijua, atasikia kama umekosea."

Basi nilisimama pale kati ya migomba nikatafsiri, mwaka mzima na zaidi baada ya siku yenyewe. Shemboza alinisahihisha mara mbili. Mara ya kwanza nilisema "alimkamata", akasema, "Amesema kwa nguvu." Mara ya pili niliruka pale alipomwambia amwache. Hata siku ile, Athumani, nikiwa nimekuja kwa ajili hiyo tu, ulimi wangu uliruka pale pale. Nilipomaliza, Mwantumu alijifunika uso kwa kanga akalia, na kaka yake akaniashiria nisisogee.

Kisha akasema, "Sasa nenda Kerenge, ukayaseme hayo mbele ya mama mkwe wangu."

Nilikwenda. Yule mama alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, hakunikaribisha ndani. Nilipokwisha aliuliza, "Na siku ile uliyajua haya?"

"Niliyajua, mama."

"Toka nyumbani kwangu."

Nikatoka. Baada ya mavuno nikasikia kwamba wale watoto wamepelekwa Bungu kwa mama yao. Mume alikuwa ameshaoa mwingine, hilo halikurudi nyuma.

Kutoka Kerenge nilikwenda kwa Sefu. Nilimwuliza usoni. Hakukana. Alisema, "Mambo madogo kama haya ndiyo unayavunjia urafiki? Umeniuza kwa ajili ya mwanamke." Ndipo nilipojua kwamba sikuwahi kumjua. Au nilimjua sana, sikutaka kutazama. Nikarudi bomani nikamwambia Mzungu kwamba nilitafsiri vibaya, nikaomba shauri lifunguliwe upya. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema shauri limekwisha, na mkalimani anayekiri kwamba amedanganya hafai kuketi pale. Nikaondolewa siku hiyo hiyo. Sefu hakuulizwa chochote. Alihamia shamba jingine, na mpaka leo nasikia anasimamia watu.

Hayo ndiyo yaliyotuleta Handeni, kwenye shamba hili la babu yako. Usinihesabie kwamba niliacha cheo kwa ajili ya haki. Nilichelewa, na kuchelewa kwangu kulilipwa na mtu mwingine.

Sasa wewe. Watakuja wanawake mbele yako, na mara moja moja watakuja wanaume pia, wapagazi na vibarua, ambao haya itawafunga midomo zaidi. Watasema mambo yasiyofuatana. Mmoja atalia, mwingine atakuwa mkavu kama anayesimulia habari za jirani. Mwingine atakuja baada ya mwaka, ukajiuliza alikuwa wapi siku zote. Hutajua kwa kuwatazama. Mimi nilidhani najua. Chukua maneno yao yote uyafikishe, hata yale yanayokutia haya kuyatamka mbele ya watu. Hasa hayo. Kama kuna ndugu amezuiwa mlangoni, omba aingie. Ukiulizwa jambo, mwulize mwenyewe, usimjibie. Na ukiona ulimi wako unataka kulilainisha neno, jiulize unamlainishia nani.

Kuna lingine, na hili nalisema kama baba kwa mwanaume. Utakuwa na kiti. Mwanamke ambaye shauri lake liko mikononi mwako atakuchekea, atakuitikia, pengine atakuja anapoitwa. Usidhani umependwa. Anaogopa kiti. Niliwaona makarani wenzangu wakijidanganya hivyo, wakarudi wakijisifu, nami niliwacheka pamoja nao bila kuwauliza kitu. Mtu asiyeweza kukukatalia hajakukubalia. Sefu naye, naamini, kabla ya kisima kile alianza na wale wasioweza kukataa, na sisi tulikuwa tukila naye.

Nimesita kama nimwandike Mwantumu kwa jina. Niliuliza kwanza. Shemboza alipita hapa mwezi uliopita akienda kuuza tumbaku, akala kwetu, wewe ulimtilia maji ya kunawa bila kujua ni nani. Nilimwambia unakwenda Korogwe kukaa katika kiti cha mkalimani, na kwamba nataka kukueleza yote. Akasema hilo si lake kuamua. Alipopanda kwao alimwuliza dada yake, na juzi akaniletea jibu.

Mwantumu anaendelea kulima. Wanawe wamekua. Gulioni anakwenda siku hizi, akiwa na binti yake nyuma yake. Mimi hajanisamehe, na sijamwomba tena. Juu ya jina lake alisema liandikwe, kwa sababu yeye hakuiba kitu cha mtu.

Halafu alimwuliza Shemboza kuhusu wewe: "Huyo kijana anajua Kishambaa vizuri, au anajua kama baba yake?"

Shemboza akamjibu kwamba hajui. Dada yake akasema, "Basi wakati wa palizi ukiisha nitateremka Korogwe nikamsikilize barazani."

Atakuja, mwanangu. Simjui kuwa mtu wa kusema bure. Atakaa nyuma pamoja na watu wengine, hatakuambia yeye ni nani, na siku hizi Kiswahili anakijua.

Nakutakia heri,

Baba yako